Alama ya Wi-Fi imejaa, lakini kurasa hazifunguki: Pa kutafuta hitilafu kabla ya kumpelekea fundi simu

SI jambo geni siku hizi kumkuta mtu mzima amesimama katikati ya sebule yake, ameinua simu juu kama anayeutafuta mwezi mwandamo, huku akilalamika kwamba mtandao umepotea tena.

Alama ya Wi-Fi juu ya kioo imejaa mistari yote. Ada ya mwezi imelipwa. Hata hivyo, ujumbe wa WhatsApp umebaki na kialama cha saa, video inazunguka bila kuanza, na mtoto aliyeko chumbani anaapa kwamba kwake yeye mtandao upo na unakwenda vizuri.

Kinachofuata mara nyingi ni hasara. Mwenye simu hununua kifurushi ili amalize shughuli ya usiku huo. Kesho yake hununua kingine. Siku ya tatu simu hupelekwa kwa fundi, Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli jijini Nairobi, ambako hufutwa kila kitu na kuwekewa programu upya. Hurudi nyumbani bila picha za harusi wala namba za wateja, na tatizo likawa pale pale, kwa sababu tangu mwanzo halikuwa ndani ya simu.

Hasara hiyo inaweza kuepukika iwapo mtumiaji atafahamu jambo moja: alama ile ya Wi-Fi haipimi intaneti.

Intaneti inayofika kwenye simu bila waya husafiri kwa vipande. Kipande cha kwanza ni cha hewani, kati ya simu na ruta, yaani kile kifaa chenye taa kinachotawanya mawimbi ndani ya nyumba. Cha pili hutoka kwenye ruta hadi kwa kampuni inayouza huduma, ama kwa waya wa faiba, ama kwa antena iliyo juu ya paa, ama kwa laini ya simu iliyotumbukizwa ndani ya ruta yenyewe. Cha tatu hutoka kwa kampuni hiyo hadi kwenye kompyuta zinazohifadhi kurasa na video, ambazo zinaweza kuwa mjini hapo hapo, Afrika Kusini au Ulaya, na nyingi hufikiwa kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari.

Alama ya Wi-Fi inahusu kipande cha kwanza peke yake. Ruta iliyokatika faiba tangu asubuhi itaendelea kutoa mawimbi mazuri kabisa, na simu itaendelea kuonyesha mistari yote, kwa kuwa mazungumzo kati ya viwili hivyo hayana kasoro. Simu nyingi za kisasa huweka alama ya mshangao au ya kuuliza pembeni pindi zinapogundua kwamba nyuma ya ruta hakuna kitu, lakini huchelewa, na wapo wasioiona.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kubonyeza chochote, bali ni kujua ni kipande kipi kilichokatika. Njia yake ni nyepesi. Kifaa cha pili, cha ndugu au cha jirani, kiunganishwe na Wi-Fi ile ile mahali pale pale. Kisha simu inayosumbua iunganishwe na mtandao mwingine, kwa mfano simu ya mtu mwingine iliyowashwa kugawa data.

Vifaa vyote viwili vikikwama kwenye Wi-Fi ya nyumbani, simu haina hatia. Simu moja ikikwama na nyingine ikaendelea, kosa liko kati ya simu hiyo na ruta. Na simu ikikwama kila mahali, kwa Wi-Fi ya nyumbani, ya ofisini na ya jirani, hapo ndipo inapokuwa halali kuishuku yenyewe. Jaribio hilo huchukua dakika tano na halina gharama.

Simu isipokuwa na hatia

Vifaa vyote vinapokwama, macho yahamie kwenye taa za ruta na za kisanduku cha faiba kilichobandikwa ukutani. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, maana yake ni kwamba mwanga wa faiba haufiki: waya umekatika, umekunjwa kupita kiasi, au umechomoka. Hakuna mpangilio wowote ndani ya simu unaoweza kutibu hilo, na kuzima na kuwasha ruta mara kumi ni kujichosha tu. Ni suala la kuipigia kampuni.

Taa zikiwa za kijani lakini mtandao haupo, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi, kuzima na kuwasha husaidia kweli, ila kuna utaratibu wake. Kisanduku cha faiba kiwashwe kwanza, kisubiriwe dakika mbili hadi taa zake zitulie, ndipo ruta iwashwe. Vikiwashwa pamoja, ruta huweza kumaliza kuamka kabla mwenzake hajawa tayari, ikabaki imeduwaa bila anwani.

Katika mitaa ambako umeme hupanda na kushuka, ruta hujizima na kujiwasha kwa sekunde chache bila mtu kujua. Mtumiaji huona tu kwamba mtandao unakatika kila baada ya nusu saa, akailaumu simu. Betri ndogo ya akiba inayotoa volti ile ile iliyoandikwa kwenye adapta ya ruta, ambayo kwa ruta nyingi ni 12, huondoa kero hiyo moja kwa moja.

Wakati mwingine kosa liko mbali zaidi. Kabla ya mwaka 2009, Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nchi za nje. Mwaka huo nyaya za Seacom na TEAMS ziliingia kazini, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu baharini kwa wakati mmoja, na huduma ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani. Siku hiyo mwenye ruta mpya na mwenye ruta chakavu walikuwa sawa.

Aidha, zipo nyakati ambazo hakuna kilichoharibika. Intaneti ilizimwa Uganda wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania ilikumbwa na hali hiyo kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, kwa siku kadhaa. Dalili yake ni kwamba kila mtu, wa kila kampuni, yuko gizani kwa pamoja, huku mitambo yote ikiwaka kama kawaida.

Mistari inayodanganya

Endapo simu moja ndiyo inayosumbua, au mtandao ni mzuri sebuleni na mbovu chumbani, hitilafu iko hewani. Hapa ndipo panapohitaji uchambuzi zaidi, kwa sababu ndipo ile mistari inapopotosha watu.

Hakuna kipimo cha kimataifa kinachosema mstari mmoja ni sawa na nini. Kila mtengenezaji hujiamulia. Julai 2010, baada ya wanunuzi wa iPhone 4 kulalamika kwamba mawimbi ya simu yanapotea wanapoishika kwa namna fulani, kampuni ya Apple ilikiri hadharani kwamba hesabu iliyokuwa ikitumia kuchora mistari ya mawimbi ilikuwa na makosa, kiasi kwamba mara nyingine simu ilionyesha mistari miwili zaidi ya ilivyostahili. Waliodhani wanapoteza mawimbi mengi kwa ghafla, kwa hakika hawakuwa nayo tangu awali.

Kipimo cha kweli ni namba inayoitwa dBm, ambayo programu nyingi za bure za kupima Wi-Fi huionyesha. Namba hiyo huwa hasi. Hasi 50 ni mawimbi mazuri sana, hasi 65 hivi yanatosha kwa simu ya video, na ikifika hasi 80 simu inashika kwa ncha ya kidole. Kila inaposhuka kwa 10, nguvu imepungua mara 10. Hivyo tofauti ya hasi 50 na hasi 70, ambayo katika kioo inaweza kuwa mstari mmoja tu, ni tofauti ya mara 100.

Kuna la pili ambalo mistari hailionyeshi kabisa. Mistari hupima namna simu inavyoisikia ruta, haipimi namna ruta inavyoisikia simu. Ruta hupata nguvu zake kutoka ukutani na antena zake ni kubwa. Simu hutumia betri na antena zilizobanwa pembezoni mwa kasha. Ni sawa na muadhini mwenye kipaza sauti anayezungumza na mtu aliye mwisho wa mtaa: muadhini anasikika vizuri, lakini jibu la yule mtu halimfikii. Simu iliyo katika hali hiyo huonyesha mistari mingi na kushindwa kufungua ukurasa, kwa kuwa hata ombi la kufunguliwa ukurasa halikufika.

Kinachokula mawimbi hayo ni ukuta. Tofali la saruji hula mengi, zege lenye nondo hula zaidi, na nguzo au ngazi ya zege katikati ya nyumba inaweza kutengeneza kivuli nyuma yake. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, Mji wa Kale wa Mombasa na Lamu, ambako kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene wa karibu nusu mita, chumba kimoja kinaweza kuwa na mtandao safi na cha pili yake kisiwe na kitu. Maji nayo hunyonya mawimbi, hivyo tangi lililo kati ya ruta na chumba cha kulala si jambo la kupuuza. Vyuma huyarudisha: friji, kabati la chuma, mabati, na hata kioo kikubwa cha kujitazamia, ambacho nyuma yake kimepakwa madini.

Pamoja na hayo yote, ruta katika nyumba nyingi huwekwa pale fundi wa faiba alipochoka kuvuta waya: nyuma ya televisheni, sakafuni, au pembeni kabisa mwa nyumba, ambako nusu ya mawimbi huwafaidi wapita njia. Kuihamishia katikati ya nyumba na kuipandisha juu ya usawa wa kichwa, mbali na televisheni na friji, mara nyingi huleta nafuu kubwa kuliko kununua ruta mpya. Muuza ruta hawezi kusema hivyo.

Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya kwanza hupenya kuta vizuri zaidi lakini yana msongamano, kwa kuwa ndiyo yanayotumiwa pia na vifaa vya Bluetooth, na majiko ya maikrowevu huvuja kidogo katika masafa hayo hayo. Ya pili ni ya kasi na yana nafasi, lakini huchoka upesi yakikutana na ukuta. Ruta zinazotumia jina moja kwa yote mawili huiachia simu uamuzi, na simu si hodari wa kuamua. Simu iliyounganishwa na gigahezi 5 sebuleni huweza kuendelea kuyang'ang'ania hadi chumba cha mwisho, ikikatika na kurudi. Kuzima na kuwasha Wi-Fi kwenye simu baada ya kuhama chumba huilazimisha ichague upya. Ikiwa ni kero ya kila siku, ni heri majina mawili tofauti yawekwe.

Katika majengo ya ghorofa kero kubwa ni majirani. Masafa ya gigahezi 2.4 yamegawanywa katika chaneli ambazo zinapandiana, na ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana. Ruta 20 katika jengo moja zinagombea chaneli hizo tatu. Mtu aliyeiweka ruta yake kwenye chaneli ya 3 akidhani amejitenga, kwa kweli amejiweka katikati ya ugomvi wa 1 na 6. Dalili ya msongamano ni mtandao kuwa mzuri saa 11 alfajiri na kuwa mbovu saa 2 usiku, huku namba ya dBm ikiwa ile ile.

Kuhusu chaneli 12 na 13, zinazoruhusiwa katika nchi nyingi lakini kwa kawaida hazitumiki Marekani, simu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani na kuletwa huku ikiwa imetumika inaweza isiuone kabisa mtandao ulio kwenye chaneli hizo. Mwenye nayo huambiwa simu ni mbovu.

Mkataba wa pango na mpangaji asiyetoka

Ipo aina nyingine ya hitilafu ambayo mawimbi ni mazuri, jirani anapata mtandao, ila simu moja inabaki imeganda kwenye maneno ya kutafuta anwani ya IP, au inaunganishwa na kukatika kila baada ya muda.

Kila kifaa kinachoingia kwenye Wi-Fi hupewa na ruta namba yake ya utambulisho. Namba hiyo haigawiwi moja kwa moja. Hukodishwa kwa muda, labda saa chache au siku nzima, na muda ukiisha kifaa hutakiwa kuomba tena. Ni mfano wa mwenye nyumba na wapangaji. Mpangaji ambaye mkataba wake umekwisha akakataa kutoka, na mwenye nyumba akampa mpangaji mpya ufunguo wa chumba kile kile, wote wawili hawatapata usingizi.

Hilo si jambo la kubuni. Aprili 2010, mwezi ule ule iPad ya kwanza ilipoingia sokoni, wataalamu wa mtandao wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani waligundua kwamba baadhi ya vifaa hivyo viliendelea kutumia anwani baada ya muda wake kwisha, na kuvuruga vifaa vingine. Chuo kilivizuia baadhi yake kwa muda. Wenye vifaa waliona tu kwamba Wi-Fi inawakataa.

Dawa kwa mtumiaji ni kuingia kwenye Mipangilio, kuugusa mtandao husika na kuchagua Sahau, kisha kuunganisha upya kwa kuandika neno la siri. Hatua hiyo hufuta mkataba wa zamani na kuomba mpya. Ikiwa anwani iliyopatikana inaanza na 169.254, simu imejipa yenyewe baada ya kukosa jibu la ruta. Chanzo kinaweza kuwa ruta iliyoduwaa, au ruta iliyogawa namba zake zote zikaisha. Hilo la pili hutokea sana kwenye nyumba za wapangaji wengi na kwenye hosteli, ambako neno la siri limeshafika hadi kwa wageni wa wageni. Kubadili neno la siri ni hatua isiyopendwa, lakini hufanya kazi.

Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu zimekuwa zikificha namba yao halisi ya kiwandani na kuipa Wi-Fi namba ya bandia, ili mtu asifuatiliwe anapohama kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Ni kinga nzuri. Lakini katika ofisi, chuo au hoteli ambako kila kifaa kimeorodheshwa kwa namba yake halisi, simu hufika mlangoni na sura ambayo mlinzi haijui. Palipo na utaratibu huo, kinga izimwe kwa mtandao huo mmoja tu, si kwa yote.

Kwenye viwanja vya ndege, hoteli na migahawa, Wi-Fi hufunguka kwa ukurasa wa kukubali masharti. Ukurasa huo usipojitokeza, simu hubaki imeunganishwa bila kupata chochote. Mara nyingi kinachouzuia ni programu ya VPN iliyowashwa, au mpangilio wa DNS ya faragha. Vikizimwa kwa muda na kivinjari kikafungua anwani isiyo na ulinzi wa usimbaji, kama neverssl.com ambayo iliwekwa kwa kazi hiyo hasa, ukurasa wa masharti hujitokeza wenyewe.

Tarehe nayo isisahaulike. Simu iliyokaa bila chaji ikaamka ikiamini kuwa ni mwaka 2015 itakataa karibu kila tovuti salama, kwa kuwa vyeti vya usalama huwa na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mtandao upo, ila simu haimwamini mtu. Hali inayofanana na hiyo ilizipata simu za zamani Septemba 30, 2021, pale cheti kimoja kikuu kilichotegemewa na tovuti nyingi kilipofikia mwisho wa muda wake. iPhone zilizobaki na iOS 9 au ya nyuma yake zilianza kukataa tovuti ambazo jana yake zilifunguka. Tarehe hutibika. Uzee wa programu hautibiki, isipokuwa pale mtengenezaji anapokuwa bado anatoa toleo jipya kwa simu hiyo.

Kifurushi kinachoyeyuka

Wi-Fi mbovu huwa na gharama nyingine isiyoonekana. Tangu iOS 9 ya mwaka 2015, iPhone zina mpangilio unaoihamishia simu kwenye data ya laini Wi-Fi inapodhoofika, na mpangilio huo huja ukiwa umewashwa. Simu nyingi za Android zina wa aina hiyo, kwa majina tofauti. Mtazamaji wa mpira anayeamini anatumia Wi-Fi ya nyumbani anashtuka kupokea ujumbe kwamba kifurushi chake kimekwisha dakika ya 70. Asiyetaka hilo na auzime mpangilio huo, au azime data ya laini anapokuwa nyumbani.

Kinyume chake ni malalamiko kwamba ujumbe huingia kwa mkupuo pale tu simu inapofunguliwa. Huo si ubovu wa mtandao. Ni kiokoa betri au kiokoa data kinachoilaza programu ili kubana matumizi. Katika mipangilio ya betri, programu muhimu inaweza kuruhusiwa kufanya kazi bila kizuizi.

Laini ya simu inapokuwa ndiyo njia

Kwa anayetumia data ya laini bila Wi-Fi, jaribio la kwanza ni kupiga *150*00# kwa mteja wa M-Pesa wa Tanzania, au *334# kwa wa Kenya. Menyu hizo hazipiti kwenye intaneti. Zikifunguka wakati kurasa hazifunguki, laini iko hai na kilichokufa ni data peke yake: kifurushi kimekwisha, data imezimwa, kwenye simu ya laini mbili imechaguliwa laini isiyo na kifurushi, au mpangilio unaoitwa APN umepotea. Huo wa mwisho hutokea laini inapohamishiwa kwenye simu nyingine, na kampuni huutuma upya kwa ujumbe mfupi ikiombwa. Jaribio hili lina faida ya ziada: aliyekwama katikati ya malipo anaweza kuangalia salio kwa menyu hiyo kabla ya kubonyeza tena na kulipa mara mbili.

Menyu zisipofunguka na simu haishiki mnara wowote, ilhali kwenye Wi-Fi inafanya kazi vizuri, ipo sababu moja inayofaa kuangaliwa mapema. Kenya ilizifungia simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Simu yenye namba ya IMEI isiyotambulika huzuiwa kwenye minara, lakini Wi-Fi haihusiki na zuio hilo. Namba hiyo huonekana kwa kubonyeza *#06#, na ilinganishwe na iliyoandikwa kwenye boksi kabla ya fedha kutoka mfukoni, hasa kwa simu ya mkononi mwa mtu.

Alama ya 4G iliyojaa jioni huku kurasa zikitambaa huwa ni foleni ya mnara, kwani mawimbi ni ya wote wanaouzunguka. Kuwasha Hali ya Ndegeni kwa sekunde kumi na kuizima huilazimisha simu kujisajili upya, na pengine ikaangukia mnara wenye nafasi. Isipofanikiwa, hakuna la kufanya zaidi ya kusubiri watu walale.

Kabla ya kufuta kila kitu

Simu zote za kisasa zina njia mbili za kuanza upya, na kuzichanganya ndiko kunakopoteza picha. Ya kwanza huweka upya mipangilio ya mtandao peke yake: hufuta maneno ya siri ya Wi-Fi, vifaa vya Bluetooth na VPN, lakini haigusi picha, namba wala ujumbe. Ya pili huirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Matatizo ya mtandao yanayotokana na mipangilio ya simu kwa kawaida huishia kwenye ile ya kwanza. Fundi anayependekeza ya pili kabla ya kuijaribu ya kwanza aulizwe sababu.

Ikiwa simu imejaribiwa kwenye mitandao mitatu tofauti, mipangilio ya mtandao imewekwa upya, na bado Wi-Fi inashika tu pale simu inapokuwa hatua moja kutoka kwenye ruta, tatizo ni la ndani. Swali la kwanza liwe ni lini kioo au betri vilibadilishwa. Waya mwembamba wa antena hubanwa kwa kifungo kidogo kuliko punje ya mchele, na simu ikifunguliwa kisha ikafungwa bila kifungo hicho kurudishwa sawasawa, huwaka vizuri, hupiga picha vizuri, ila masikio yake yamezibwa. Kasha la nje lenye bamba la chuma au sumaku livuliwe pia kabla ya simu kufunguliwa. Kukirudisha kifungo hicho ni kazi ya dakika chache kwa fundi aliyeizoea, na haihitaji kufuta hata picha moja.